Barua ya wazi kwa Magavana wa Benki Kuu za Afrika Mashariki: hundi ikivuka Namanga, ni nani anayeiangalia?

Kwa Magavana wa Benki Kuu za nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.
Nakala: Sekretarieti ya Jumuiya, Arusha.

YAH: KUOANISHA TARATIBU ZA KUKUSANYA NA KULIPA HUNDI ZINAZOVUKA MIPAKA

Waheshimiwa Magavana,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni karani mstaafu wa hundi, mkazi wa Arusha. Kwa miaka 26 kazi yangu ilikuwa kupanga hundi, kuzijumlisha, na kila asubuhi kuzibeba kwenye mkoba hadi chumba cha kubadilishana hundi, ambacho sisi makarani tulikiita kliaringi. Tangu nistaafu natunza vitabu vya kikundi cha wakulima wa vitunguu wa Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, wilayani Karatu. Nawaandikia kuhusu hundi moja, na kuhusu zote zinazofanana nayo.

Vitunguu vya Mang'ola vinaliwa sana Kenya. Msimu ukifika malori yanapakia shambani, yanapita Karatu na Makuyuni, yanaingia Arusha, yanatokea Namanga, na kesho yake mzigo uko sokoni Nairobi. Wanunuzi wengi wanalipa taslimu au kwa simu, na hao hawana haja ya barua hii. Haja iko kwa wanunuzi wenye bodi: shule, hospitali, vyama vya ushirika, makanisa, misikiti. Hao katiba zao zinataka saini mbili, ya mkuu na ya mweka hazina, na kishina kibaki kitabuni mkaguzi akikitafuta akikute. Pesa ikikaa kwenye laini ya simu ya mtu, anayejua namba ya siri ndiye mwenye pesa. Hundi inawalazimisha watu wawili kukubaliana kabla ya senti kutoka. Ndiyo maana bado inaandikwa, hata mahali ambapo muuza karanga anapokea malipo kwa simu.

Septemba 2019 kikundi chetu kiliuza vitunguu kwa shule moja ya bweni upande wa Nairobi. Shule ililipa kwa wakati, kwa hundi ya shilingi 486,000 za Kenya. Niliipeleka benki hapa Arusha Jumatatu, tarehe 30 Septemba. Mhudumu wa dirishani alikuwa binti mpole. Akanieleza kwamba hundi ya nje inachukuliwa kwa makusanyo, yaani pesa haiingii mpaka benki ya Kenya iwe imelipa. Hilo nalijua, nimeliandika mwenyewe kwenye fomu mara nyingi. Nikamuuliza itachukua siku ngapi. Akasema hawezi kujua. Nikauliza gharama zake ni kiasi gani. Akasema itategemea na wenzao watakachokata.

Naomba mtue hapo kidogo, Waheshimiwa. Mtu anakabidhi karatasi yenye thamani ya jasho la familia 31, anauliza siku na gharama, na jibu la kweli, linalotoka kwa mfanyakazi mwaminifu, ni kwamba hakuna ajuaye.

Hundi ikaenda Dar es Salaam, makao makuu. Kutoka Dar ikapelekwa Nairobi na kampuni ya kusafirisha vifurushi. Tarehe 10 Oktoba Kenya walikuwa na sikukuu. Tarehe 14 sisi tulikuwa na Siku ya Mwalimu Nyerere. Mashujaa ya Kenya, tarehe 20, mwaka ule iliangukia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu ya tarehe 21 nayo ikawa mapumziko. Jumatatu ya tarehe 11 Novemba nikaitwa tawini. Hundi imerudi, imebandikwa kikaratasi: kiasi kwa maneno na kwa tarakimu havilingani. Nikaitazama. Aliyeiandika alisahau neno "elfu", akalichomeka juu ya mstari baadaye, bila saini pembeni yake. Kosa la kweli, dogo, la kibinadamu. Mimi mwenyewe ningeirudisha.

Lakini nikageuza nyuma kusoma mihuri, kama nilivyozoea. Benki ya Nairobi iliikataa tarehe 16 Oktoba. Hundi ilihitaji siku 16 kufika mahali pa kukataliwa, na habari ya kukataliwa ilihitaji siku nyingine 26 kunifikia. Katika siku hizo 26 hakuna aliyekuwa akiamua chochote. Jibu lilishatoka. Lilikuwa ndani ya bahasha, linasubiri mtu wa kulibeba.

Tukatozwa ada ya kupeleka, ada ya usafirishaji, na ada ya hundi kurudi. Mwenyekiti wetu akapanda basi kwenda Nairobi. Shule wakasikitika, wakaandika hundi mpya kwa jina lake, wakamsindikiza hadi dirishani, akalipwa noti. Akarudi kwa basi hilohilo, amejifunga pesa za watu 31 kiunoni, hakulala wala hakushuka njiani kula. Kwa muda wote huo mzee mmoja wa kikundi alikuwa ameshauza ng'ombe wawili, kwa bei aliyopangiwa na mnunuzi, ili apate mbegu na mafuta ya pampu. Ng'ombe hao hawakurudi.

Niliandika malalamiko. Upande wa Tanzania wakanijibu kwamba ucheleweshaji ulitokea Nairobi, niulize Nairobi. Upande wa Nairobi wakajibu kwa adabu kwamba mimi si mteja wao, niulize benki yangu. Kila mmoja alisema kweli. Kila Benki Kuu inamlinda mteja wa nchi yake dhidi ya benki ya nchi yake, na lalamiko langu lilikuwa nusu huku, nusu kule. Nikajikuta mlalamikaji asiye na Gavana, katika Jumuiya ambayo leo ina Magavana wanane.

Sasa niwaeleze kliaringi ilivyokuwa, maana wengi wenu mliingia kazini mifumo ikiwa tayari ya kompyuta. Saa tatu asubuhi makarani wa mabenki yote ya mji tulikuwa tumeshakaa kuzunguka meza, ndani ya tawi la Benki Kuu. Kila mmoja ana mafungu ya hundi alizopokea jana, kila fungu kwa benki yake, na juu yake kipande cha karatasi chenye jumla. Tunapeana. Mimi nakupa zako, wewe unanipa zangu, kila mtu anajumlisha upya. Hesabu isipofunga hakuna anayetoka. Nimewahi kukaa mpaka adhuhuri kwa sababu ya shilingi 90, na yule afisa wa Benki Kuu aliyekuwa akisimamia hakupandisha sauti hata mara moja. Alitusubiri tu. Zikishafunga, benki iliyozidiwa inalipa tofauti kutoka akaunti yake Benki Kuu, na kila mtu anaondoka akijua lini hundi mbovu lazima ziwe zimerudi mezani. Ukichelewesha kuirudisha, umeilipa. Kanuni hiyo moja ilitufanya tukimbie.

Uzuri wa meza ile ulikuwa hapo. Mdai na mdaiwa wanatazamana, mwenye mamlaka kakaa katikati, na saa ukutani ni moja kwa wote. Hundi inayovuka Namanga haina meza. Ina benki yangu, benki yao, na katikati barabara.

Najua mmefanya mengi. Tanzania ilianza mfumo wa malipo makubwa ya papo kwa papo baina ya mabenki mwaka 2004. Kenya na Uganda wakafuata na yao mwaka 2005. Tangu 2014 mifumo hiyo imeunganishwa katika Mfumo wa Malipo wa Afrika Mashariki, na benki ya Arusha inaweza kutuma shilingi za Kenya hadi benki ya Nairobi kupitia Benki Kuu hizi mbili, bila kuzungukia New York. Ni kazi kubwa, na kama mlipakodi naiheshimu. Ila mfumo huo unamsaidia anayetuma. Mwenye pesa akiamua kutuma, pesa inafika. Hundi inakwenda kinyume chake: mdai ndiye anayeondoka na karatasi kwenda kudai, na kwa safari hiyo hamkutandika njia.

Kwa hundi za ndani nako kazi imefanyika. Kenya iliacha kusafirisha karatasi mwaka 2011, ikaanza kupeleka picha ya hundi. Sisi tulipata mfumo wetu wa namna hiyo mwaka 2015. Nilikuwapo. Siku ya kwanza nilipoona hundi ya Mwanza iliyowekwa Arusha inakwenda na kurudi bila kupanda basi, niliwakumbuka wenzangu waliostaafu kabla bila kuiona siku hiyo. Lakini picha hiyo inakomea mpakani. Ikifika Namanga inageuka tena karatasi, inatiwa bahasha, inapewa dereva.

Kwa nini? Mashine zipo pande zote mbili, na mstari wa wino wa sumaku chini ya hundi unasomeka Arusha kama unavyosomeka Nairobi. Kinachokosekana ni makubaliano kwamba picha iliyopigwa na benki ya Tanzania ina nguvu ya karatasi mbele ya benki ya Kenya, na mbele ya hakimu wa Kenya ikibidi. Sheria zetu za hundi, za Kenya, Uganda na Tanzania, zina mama mmoja, ile sheria ya Uingereza ya mwaka 1882. Rwanda, Burundi na Kongo walirithi mapokeo ya Ubelgiji, na huko kazi itakuwa ndefu zaidi. Anzeni basi na hao watatu wenye mama mmoja. Wengine waingie watakapokuwa tayari, kama Rwanda ilivyoingia kwenye mfumo wa malipo makubwa baada ya wenzake kuanza.

Marekani wana somo hapa, na nalitaja kwa sababu ni nchi moja yenye benki kuu za kikanda 12 chini ya Hifadhi ya Shirikisho, yaani Federal Reserve, benki kuu ya nchi hiyo. Kabla ya benki hizo kufunguliwa mwaka 1914, hundi ya mji mmoja ilizungushwa benki hadi benki, wakati mwingine kwa njia ndefu ya ajabu, kwa sababu kila benki ilikwepa ile itakayokata ada kwenye malipo. Benki za kikanda zikakubaliana kukusanya hundi kwa thamani yake kamili. Hata hivyo karatasi iliendelea kusafiri, tena kwa ndege, hadi Septemba 2001. Ndege zilipozuiwa kuruka baada ya shambulio, hundi zikalala viwanjani na pesa nyingi zikaning'inia baina ya mabenki. Mwaka 2003 ikapitishwa sheria, ikaanza kazi Oktoba 2004, kwamba nakala iliyochapwa kutokana na picha ni sawa na hundi yenyewe. Mwaka 2003 Hifadhi ya Shirikisho ilikuwa na vituo 45 vya kuchakata hundi. Kufikia 2010 vya karatasi vilikuwa vimebaki kimoja. Skana zilikuwa zimeshavumbuliwa kitambo. Kilichofungua njia ni sheria moja iliyoanza kazi kwa kanda zote siku moja.

Turudi kwetu, kwenye mambo madogo yanayoua hundi njiani. Mtaniwia radhi nikikaa hapa kidogo, maana hapa ndipo ninapopajua.

La kwanza ni kalenda. Chukueni mwezi wa Oktoba. Tarehe 9 Uganda wanasherehekea Uhuru. Tarehe 10 ni sikukuu Kenya. Tarehe 13 Burundi wanamkumbuka Rwagasore. Tarehe 14 Tanzania tunamkumbuka Mwalimu. Tarehe 20 Kenya tena, tarehe 21 Burundi tena wakimkumbuka Ndadaye. Sikukuu zote hizi ni za haki na hakuna anayeomba zifutwe. Ninachoomba ni kanuni. Hundi ikisemwa "siku 3 za kazi", ni siku za kazi za nani? Za nchi iliyopokea, za nchi inayolipa, au zile ambazo nchi zote mbili zimefungua? Chagueni moja, iandikwe, na kila Januari itoke kalenda moja ya malipo ya Afrika Mashariki ibandikwe ukutani kila tawi. Kuna na suala la saa. Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu kwa saa moja, na Kongo peke yake ina majira mawili. Mkisema picha zifike kabla ya saa nne asubuhi, semeni ni saa nne ya wapi.

Kisha sababu za kurudisha. Kila nchi ina orodha yake ya kwa nini hundi imekataliwa: saini tofauti, akaunti imefungwa, salio halitoshi, tarehe imepita, maneno na tarakimu havilingani. Orodha zinafanana kwa maana lakini hazifanani kwa maneno, na wenzetu wa Bujumbura na Kinshasa wanaandika Kifaransa. Ipeni kila sababu namba, moja kwa wote. Namba haihitaji mkalimani. Na benki inayokataa ipeleke namba hiyo kwa ujumbe wa kielektroniki siku hiyohiyo, hata kama karatasi yenyewe itafuata baadaye. Kama kanuni hii ingekuwapo mwaka 2019, mimi ningejua tarehe 16 Oktoba jioni kwamba neno "elfu" lina kasoro. Mwenyekiti angesafiri tarehe 17. Yule mzee pengine angekuwa bado na ng'ombe wake. Kanuni hii haihitaji mfumo mpya wala mkopo wa nje. Inahitaji saini zenu.

Mipaka ya kiasi nayo inagongana. Tangu Oktoba 2009 Kenya haipitishi kwenye kliaringi hundi ya shilingi zao milioni 1 au zaidi. Kiasi hicho kinatakiwa kipite kwenye mfumo wa malipo makubwa. Kwetu ukomo wa hundi ni shilingi milioni 10. Kwa viwango vya miaka hii milioni 1 ya Kenya inakaribia milioni 20 za Tanzania. Kwa hiyo hundi ya 700,000 za Kenya ni ya kawaida Nairobi, ila thamani yake imeshapita ukomo wa Arusha. Ikiwekwa Arusha ifuate ukomo upi? Mimi ningesema wa nchi ya sarafu iliyoandikwa, lakini mimi si wa kuamua.

Halafu fedha zenyewe. Kiwango cha kubadilisha kinachotumika sasa ni cha siku ambayo benki imeamua kuingiza pesa kwenye akaunti. Mteja anakaa wiki sita, shilingi inapanda au inashuka, na siku ya malipo inachaguliwa na upande wenye kufaidika na uchaguzi huo. Sisemi wote wanafanya hila. Nasema mtu asiachiwe kuchagua siku wakati ana faida kwenye kuchagua. Kiwango kiwe cha siku benki ya mlipaji ilipotoa pesa, na tarehe hiyo iandikwe kwenye risiti ya mteja. Pia ada zisikatwe kutoka katikati. Hundi ya 486,000 ikishakubaliwa, zifike 486,000, na kila benki imdai mteja wake mwenyewe ada aliyomtangazia kabla. Mkulima akiona kiasi pungufu hajui ni nani kakata, naye hufikiri ni karani wa kikundi.

Mtaniambia kuna udanganyifu. Upo, na nimeushika kwa mikono yangu: maandishi yaliyooshwa kwa dawa, saini zilizofuatishwa kwenye kioo cha dirisha, kitabu cha hundi kilichoibwa kabla mwenyewe hajakifungua. Picha zikivuka mipaka litaongezeka jingine, mtu kuweka picha ya hundi moja Arusha na karatasi yake Mombasa, alipwe mara mbili. Hatari hiyo haizuiwi na bahasha. Inazuiwa na daftari moja la namba za hundi zilizokwisha kuwasilishwa, linaloonekana na Benki Kuu zote, ili hundi ya pili igonge kabla pesa haijatoka. Na mtambue kwamba siku 42 za barabarani ndizo zinazompa mwizi nafasi. Hundi inayojibiwa kwa siku mbili inamnyima muda wa kufunga akaunti na kutoweka.

Mtaniambia pia, na hili nalisikia hata kwa watoto wangu, kwamba hundi inakufa. Namibia iliifuta mwaka 2019, Afrika Kusini mwishoni mwa 2020. Sina ugomvi na hilo. Mimi ni karani, siabudu karatasi. Mkitaka kuiondoa Afrika Mashariki, iondoeni kwa tarehe moja iliyotangazwa na nchi zote mapema, na kabla ya tarehe hiyo shule yenye bodi ipewe njia ya kulipa ng'ambo ya mpaka yenye saini mbili na kumbukumbu ya mkaguzi. Hali ya sasa ndiyo isiyofaa. Hundi inaruhusiwa kuandikwa, inaruhusiwa kupokelewa, ada yake inatozwa, ila hakuna aliyepewa jukumu la kuifikisha.

Tena, ikiondoka karatasi, maswali yangu yatabaki palepale. Malipo ya papo kwa papo baina ya nchi yakija, mtu atakosea namba, pesa itaingia kwa asiyehusika, na itabidi irudi. Irudi kwa siku ngapi? Kwa kiwango cha siku gani? Alalamike kwa Gavana yupi? Mtakapoanza sarafu moja, ambayo Itifaki iliyosainiwa Kampala Novemba 2013 iliipangia mwaka 2024 na sasa inasubiriwa 2031, swali la kiwango litafutika lakini ya siku, ya sababu na ya lalamiko hayatafutika. Wazee wetu walikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki hadi Benki Kuu zetu tatu zilipofungua milango mwaka 1966, kila moja na noti zake. Tukitaka kurudi huko, taratibu za kukusanyiana madeni ni mahali pazuri pa kujifunzia kuaminiana, kwa sababu kosa lake linaonekana mapema na hasara yake inahesabika.

Ombi ninaloliweka juu ya yote ni dawati. Moja, lenye watu wachache, wanaotoka Benki Kuu zote, lenye anwani moja na fomu moja. Mteja yeyote wa nchi yoyote ambaye malipo yake yamekwama baina ya nchi mbili alete namba ya hundi au ya muamala pale. Dawati liulize pande zote mbili kwa jina la Magavana wote, na lijibu kwa siku zilizotajwa. Likigundua benki imekalia hundi kupita muda, benki hiyo iilipe, kama tulivyofanyiana mezani. Mkianza na hilo hata kabla ya picha na kalenda, mengine mtayaona wenyewe, maana malalamiko yatawaonyesha hundi inakwama wapi na kwa nani. Kwa sasa hamwezi kuyaona. Yanakatika nusu mpakani, na nusu lalamiko haliingii kwenye ripoti ya mtu.

Wakulima wa Mang'ola wameacha kupokea hundi za Kenya. Waliamua kwenye mkutano, nami niliandika muhtasari. Shule ile sasa inanunua kwa dalali wa Nairobi ambaye hununua kwetu kwa taslimu. Anachukua tofauti yake, na ni haki yake, amechukua hatari ambayo mabenki hayakuibeba. Walimu wanalipa zaidi, wakulima wanapata kidogo tu kuzidi walichokuwa wanapata kabla hawajaijua shule.

Nimehifadhi nakala ya hundi ile, mbele na nyuma, mihuri yote inasomeka, pamoja na kile kikaratasi cha kurudishia. Nimehifadhi pia majibu mawili ya malalamiko yangu, la upande huu na la upande ule. Kamati yenu ya Masuala ya Fedha ikivihitaji, ofisi za Jumuiya hazipo mbali na nyumbani kwangu. Ni nauli ya daladala moja. Nitavileta mwenyewe, siku yoyote ya kazi ya nchi yoyote.

Wenu mtiifu,

Karani mstaafu wa hundi,
Arusha